NESI MKALI AMETENGENEZWA NA NANI?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Kigoma

Ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo ukilitaja popote hapa Kigoma, iwe ndani ya bajaji ya kwenda Gungu, iwe kwa akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, iwe barazani Ujiji watu wakisubiri adhana ya Magharibi, kila mtu atatoa kisa chake. Neno hilo ni "nesi". Wa kwanza atasema alifokewa kama mtoto. Wa pili atasema dada yake aliachwa na uchungu wake hadi kichwa cha mtoto kikaonekana. Wa tatu ataapa kwamba mgonjwa aliita na nesi akajifanya hasikii. Mwisho wote mtakubaliana: manesi ni wakali, hawana huruma, wamesahau kiapo. Kisha kila mmoja atakwenda zake.

Mimi visa hivyo sivikatai. Nimewauguza ndugu zangu katika hospitali zaidi ya moja, na nimesikia kwa masikio yangu maneno ambayo mtu mzima hastahili kuambiwa. Mgonjwa aliyetukanwa ametukanwa, na hakuna hotuba itakayomfuta machozi. Lakini mtu akiona moshi halafu akaishia kuulaani moshi, nyumba itateketea. Swali ambalo hatuliulizi ni hili: huyu nesi mkali ametengenezwa na nani? Binti yule yule tuliyesoma naye, mpole, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka, amepitishwa wapi hata akawa moto wa kuotea mbali?

Jibu langu ni fupi. Ametengenezwa na kazi ya watu wengi iliyotwishwa mtu mmoja, bila mtu wa kumshika mkono. Na waliomtwisha wako maofisini, wanautumia ukali wake kama kichaka cha kujifichia. Sisi tunagombana na nesi dirishani. Wao wanakunywa chai.

ZAMU YA USIKU

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tuunyanyue kidogo tuone uzito wake. Tumfuate muuguzi mmoja kwa usiku mmoja tu. Simtaji jina kwa kuwa si mtu fulani. Ni yeyote kati ya hao unaowajua, katika kituo chochote cha mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, au kule milimani Buhigwe na Kasulu. Anaingia wodi ya wazazi jioni. Mwenzake wa mchana anamkabidhi kitabu cha ripoti na kuondoka mbio, maana naye ana watoto nyumbani. Kuanzia hapo wodi ni yake.

Saa tano usiku mama mmoja anajifungua na damu haikatiki. Wakati huo huo, kitanda cha pili, mtoto anatoka na halii. Utaratibu wa kitabibu unasema mtoto asiyelia asaidiwe kupumua ndani ya dakika moja ya kwanza. Na mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Daktari ameitwa, lakini yuko chumba cha upasuaji. Mlangoni ndugu wanagonga, wanauliza kwa nini hawaambiwi kitu. Muuguzi ni mmoja, mikono ni miwili. Niambie msomaji, wewe ungeanza na nani?

Tuseme amemwokoa mmoja na mwingine amefariki. Nani atatoka kwenda kuwaambia ndugu? Ni yeye. Nani ataandika maelezo yote, dakika kwa dakika, mikono yake ikiwa bado inatetemeka? Ni yeye. Nani ataitwa kwenye kikao cha kupitia kifo hicho na kuulizwa mbona hapa hukujaza? Ni yeye. Na kesho jioni nani ataingia tena zamu, asimame mbele ya kitanda kile kile, akiwa hajalia wala hajaulizwa na mtu anaendeleaje? Ni yeye tena.

Uchovu wa miguu dawa yake ni usingizi. Huu ninaousema mimi hautibiwi kwa usingizi. Ni mzigo wa mtu aliyelazimika kuchagua amkimbilie nani kwanza, halafu akaachwa na jibu lake peke yake. Wataalamu wanauita msongo wa kazi. Ukikaa muda mrefu bila kutibiwa humkausha mtu kama dagaa juani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitambua hali hii ya kukaushwa na kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuiita ugonjwa, liliiita hali inayotokana na kazi, na likataja dalili tatu. Kwanza, nguvu zinaisha. Pili, mtu anajitenga na kazi yake na kuiona chungu. Tatu, kazi yenyewe inaharibika.

Soma tena ile dalili ya pili. Hiyo ndiyo sisi tunayoiita "nesi mkali".

UKUTA WA KUJIKINGA

Wala jambo hili si la Waha, Wamanyema au Watanzania peke yao. Mwaka 1960 mtafiti wa Uingereza, Isabel Menzies, alichapisha uchunguzi wake juu ya wauguzi wa hospitali moja kubwa ya London. Aliwakuta wakimtaja mgonjwa kwa ugonjwa wake na namba ya kitanda, kwa mfano lile ini la kitanda namba kumi, badala ya jina lake. Hakuandika kwamba ni watu wabaya. Aliandika kwamba wamejijengea ukuta. Mtu anayeshika damu, kinyesi na maiti kila siku, asipopata mahali pa kupeleka hofu yake, hujenga ukuta kati yake na mgonjwa ili asivunjike. Na ukuta wenyewe haukuwasaidia, kwani kiasi cha theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi pale waliacha mafunzo kabla ya kuhitimu.

Kama hayo yalitokea London, yatashindwaje kutokea kwetu? Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika Muhimbili, hospitali ya taifa. Karibu nusu ya madaktari na wauguzi walisema hawaridhiki na kazi yao. Na sababu walizotaja hazikuwa mshahara peke yake, ingawa mshahara ulikuwamo. Walisema vifaa havipo. Walisema mawasiliano kati yao na wakubwa ni mabovu. Walisema hawashirikishwi katika maamuzi. Walisema uongozi haujali hali zao. Hiyo ni Muhimbili, hospitali ambayo waziri anaweza kuitembelea wakati wowote. Sasa jiulize juu ya muuguzi wa Kalya au Buhingu kule kusini mwa ziwa, ambako kiongozi akifika ni habari ya mwaka mzima.

KAGUNGA, MEI 2015

Sisi wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa na London. Tunayo yetu. Mkoa huu umepokea wakimbizi mwaka 1972, ukapokea 1993, ukapokea 1996, na ukapokea tena 2015. Ile ya 2015 wengi mnaikumbuka. Mwezi Aprili wa mwaka huo Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi aliteuliwa na chama chake kuwania muhula wa tatu, nchi ikachafuka, watu wakaanza kuvuka. Ilipofika Mei makumi ya maelfu walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa karibu na mpaka, mahali ambapo gari lilikuwa halifiki. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyowabeba hadi Kigoma. Wakawekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Kipindupindu kikaingia. Hadi Mei 22, 2015 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wawili kati yao wakiwa wenyeji. Na Mei 12, ambayo ni Siku ya Wauguzi Duniani, iliangukia katikati ya mwezi ule wa taabu.

Kipindupindu kinatibika. Dawa yake kubwa ni maji, chumvi na dripu. Lakini ni ugonjwa unaotaka mikono. Kila mgonjwa apimwe anapoteza maji kiasi gani, kila dripu ibadilishwe kabla haijakauka, kila kitanda kioshwe, usiku na mchana. Mashirika yalikuja na magari yao meupe na yalifanya kazi kubwa, hilo tusiwanyime. Lakini wodi nyingine za Kigoma hazikufungwa kupisha kipindupindu. Wajawazito waliendelea kuja na malaria haikwenda likizo. Mwisho magari meupe yakaondoka, wauguzi wakabaki na zamu zao.

Je, msomaji, ulisikia siku yoyote kwamba wauguzi wa mkoa huu wameketishwa na mtu wa kuwasikiliza juu ya waliyoyaona? Ulisikia wamepewa hata wiki moja ya kupumzika kwa zamu? Mtu akifiwa na mmoja hapa Ujiji tunakaa matanga, tunamletea unga, tunalala sebuleni kwake asibaki peke yake. Aliyeshuhudia vifo wodini wiki nzima tunamwambia "zamu yako imefika".

Ikaja korona. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za ugonjwa huo zilisimama kutangazwa nchini zikiwa zimefika watu 509. Takwimu zilisimama, wagonjwa hawakusimama, wala zamu.

NANI ALIIPUNGUZA MIKONO?

Sasa tuwafuate waheshimiwa. Mwaka 1993, kabla mimi sijazaliwa, serikali ikifuata masharti ya wakubwa wa fedha wa Washington ilisimamisha ajira mpya na kuanza kupunguza wafanyakazi wake. Mwaka huo huo ndipo uchangiaji wa gharama ulipoanza hospitalini. Angalia hesabu hiyo vizuri. Mgonjwa alianza kulipa wakati ule ule muuguzi alipoanza kupungua.

Pengo hilo halikuzibwa. Mpango wa rasilimali watu wa Wizara ya Afya yenyewe, wa 2014 hadi 2019, uliandika kwamba nchi ilihitaji watumishi wa afya 145,454 na waliokuwapo walikuwa 63,447. Huo ni upungufu wa asilimia 56, na si maneno ya wapinzani. Kisha mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitolewa kazini kwa vyeti vya kughushi, wakiwamo wa sekta ya afya. Sitetei cheti bandia. Mwenye cheti bandia asinichome sindano mimi wala mama yangu. Lakini zamu aliyoiacha haikufutwa kwenye ratiba. Ilimwangukia mwenye cheti halali.

Na huku mitaani wahitimu wa uuguzi wamekaa na vyeti vyao, wengine wanauza mitumba, wengine wanajitolea wodini kwa nauli. Wagonjwa wanawahitaji wauguzi, wauguzi wanaihitaji kazi, na katikati amekaa mtu anasema "kibali cha ajira hakijatoka". Hilo nalo tuliite msongo wa kazi wa nesi, au tuliite msongo uliopikwa ofisini?

Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea tuzo ya Gates Foundation kwa mafanikio ya kupunguza vifo vya wajawazito. Takwimu za kitaifa zilikuwa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, zikashuka hadi 104 katika utafiti wa 2022. Hili ni jambo la heri, na mwenye kulibeza ana lake. Lakini vifo vya wazazi havipungui jukwaani. Vinapungua saa nane ya usiku, mtu anapoamua kukandamiza tumbo la mama anayevuja damu na asiliachie hata mikono ife ganzi. Tuzo ina kabati lake. Mikono ile ina nini?

WITO HAULIPI KODI

Wakubwa wana neno lao moja wanalolipenda: "uuguzi ni wito". Kila Mei 12 utalisikia. Nami nakubali kuwa ni wito. Lakini wito haulipi kodi ya nyumba Mwanga, wito haumrudishi mwanamke nyumbani salama zamu ikiisha gizani, na wito haumgawi mtu mmoja awe wawili. Neno hili limekuwa kamba ya kumfungia ng'ombe akamuliwe.

Sheria nayo inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaihesabu huduma ya afya kuwa huduma muhimu, na kimsingi wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma. Wenzao wa Kenya mwaka 2017 waligoma kwa takriban miezi mitano, na waliolipia ni wagonjwa maskini. Sitamani hayo yafike hapa. Hapa kwetu madaktari waligoma mwaka 2012, na wote tunajua yaliyompata Dk. Steven Ulimboka, aliyetekwa usiku wa Juni 26 na kukutwa asubuhi msitu wa Mabwepande akiwa ameumizwa vibaya. Muuguzi aliyeyaona hayo akiambiwa asaini ratiba, atasaini.

Lakini sheria hiyo hiyo ya 2004 ina kurasa nyingine. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Inasema kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ilipiwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Inasema mjamzito asilazimishwe kufanya kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Na Mkataba Namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1977, ambao Tanzania imeuridhia, unataka wauguzi washirikishwe katika kupanga huduma na katika maamuzi yanayowahusu.

Msomaji, kama una jirani muuguzi, muulize leo: zamu zako za mwezi uliopita zilikuwa saa ngapi? Posho yake imelipwa? Mara ya mwisho kuulizwa maoni yako ilikuwa lini? Majibu utakayopata ndiyo kipimo cha hotuba za Mei 12. Ukimnyima mtu haki ya kugoma umemkopa. Kumsikiliza kabla hajachoka ndiyo kulipa deni lenyewe.

DAWA ILIJARIBIWA HAPA HAPA

Atatokea mtu aseme, mbona wapo manesi wapole katika hali hiyo hiyo ngumu? Wapo, na Mungu awabariki. Lakini hospitali haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea malaika. Ukichunguza, aghalabu mpole huyo ana matroni anayemtetea, au mwenzake wa zamu wanayeelewana, au nyumba yenye mtu wa kumsikiliza. Yaani ana mgongo wa kuegemea. Na yule anayetukana au kuomba rushwa hana kinga kwangu. Baraza la Wauguzi na Wakunga lipo kwa Sheria ya mwaka 2010, apelekwe huko akajibu.

Kwamba mgongo wa kuegemea hubadilisha kazi si ndoto yangu. Jambo la karibu nalo lilijaribiwa Kigoma. Katika mradi wa majaribio ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, baadhi ya vituo vya serikali vya mkoa huu viliruhusu mjamzito aingie leba na mtu wake aliyemchagua, awe mama yake, dada au rafiki, akae naye hadi mwisho. Asilimia 80 ya waliojifungulia katika vituo hivyo walikuwa na mtu wao.

Mradi ulikuwa wa kumsaidia mzazi, lakini angalia ulivyomgusa muuguzi. Watoa huduma walisema wasindikizaji wale waliwapunguzia kazi: walimfariji mama, na walikimbia kuita hali ilipobadilika. Na vituo hivyo vilipolinganishwa na vile visivyokuwa na mpango huo, watoa huduma wake walionekana kuitika zaidi mama anapoita, kumsalimia kwa heshima na kuzungumza naye kirafiki. Akina mama nao wengi zaidi walisema wahudumu walikuwa wema sana.

Wahudumu ni wale wale wa Kigoma, wenye mishahara ile ile. Kilichoongezeka ni mtu wa pili pembeni ya kitanda. Ukali ulipungua bila semina ya maadili na bila kufukuzwa mtu. Kama jirani asiye na cheti ameleta badiliko hilo, je, akiongezwa muuguzi mwenye cheti?

Wavuvi wetu walilijua hili zamani. Usiku ukitazama ziwani kutoka Bangwe au Katonga unaona taa za dagaa zimetapakaa kama mji. Hakuna taa pale yenye mtu mmoja. Wavu wa dagaa haunyanyuliwi na mtu mmoja, na hakuna mwenye chombo mwenye akili atakayempeleka kijana wake peke yake katikati ya ziwa usiku, kisha asubuhi amtukane kwa kurudi na samaki wachache. Tunachokataa kwa dagaa tunakikubali kwa wazazi wetu?

Na Ujiji yetu ina kumbukumbu ya jambo hili hili. Mwaka 1871 David Livingstone alifika hapa akiwa hoi kwa maradhi, akakuta mali aliyotumiwa imekwisha kuuzwa. Kilichomwinua ni kufikiwa na mtu, Henry Stanley, aliyemletea dawa, vitu na barua. Tumeujengea mnara msaada ule, na watalii wanaulipia kuuona. Kama kumfikia mtu aliyechoka kunastahili mnara, kumfikia muuguzi wa Kigoma kunastahili angalau kikao.

TUNADAI NINI?

Tunadai mambo yanayoweza kufanyika.

Mosi, isiwepo leba yoyote mkoani inayoachiwa muuguzi mmoja usiku. Kituo kisichoweza kuwa na wawili, halmashauri iseme hadharani ni kwa nini. Hospitali ya Maweni na kila kituo hadi Kagunga wabandike ubaoni idadi ya wauguzi wanaotakiwa na idadi ya waliopo. Mficha uchi hazai.

Pili, kila baada ya kifo cha mzazi au mtoto, kabla ya kikao cha kuuliza nani alikosea, kiwepo kikao cha kuuliza waliokuwapo wako hali gani. Maafisa ustawi wa jamii wapo kwa ajili ya wagonjwa. Wapangiwe na saa za watumishi. Matroni apimwe pia kwa jinsi anavyowalea watu wake, siyo kwa usafi wa mashuka peke yake.

Tatu, posho za usiku na malimbikizo zitangazwe kila robo mwaka katika baraza la madiwani: zinadaiwa kiasi gani, zimelipwa kiasi gani. Diwani anayeijua posho yake ya kikao kwa kichwa aijue na ya nesi wa kata yake.

Nne, zamu ya usiku iwe na usafiri. Gari linaloweza kumpeleka kigogo uwanja wa ndege linaweza kumfikisha muuguzi Gungu.

Tano, mpango wa msindikizaji leba uenee vituo vyote, na wahitimu wanaojitolea waajiriwe kwanza pindi kibali kinapotoka. Na kibali kitoke.

NA SISI JE?

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Ukikosewa hospitalini, lalamika, tena kwa nguvu, lakini lalamika kwenye mlango wenye jibu. Kabla ya kumkaripia muuguzi, uliza wako wangapi zamu hiyo. Ukiambiwa ni mmoja, barua yako ipeleke kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa diwani, nakala kwa mbunge, nakala kwa gazeti hili. Vyama vyao, TUGHE na Chama cha Wauguzi, navyo vijue kwamba michango inayokatwa kwenye mishahara haikukatwa kwa ajili ya fulana za Mei Mosi.

Na mgombea atakayekuja tena Mwanga Community kutuahidi hospitali ya ghorofa, tumuulize swali moja tu: ghorofa hilo usiku litakuwa na wauguzi wangapi? Jengo halimkamati mtoto anapotoka. Dirisha la vioo halifungi dripu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja hauzalishi wodi nzima.

Kila tunayempenda atapita mikononi mwa muuguzi, na mara nyingi itakuwa usiku. Usiku huo utakapofika kwako, hutajali jina la waziri wala rangi ya bendera ya chama. Utataka mtu aliyelala vya kutosha, mwenye mwenzake pembeni, ambaye moyo wake haujakauka. Mtu huyo haokotwi barabarani. Anatunzwa. Na kazi ya kumtunza ianze na kudai, leo, kabla usiku huo haujaingia.

Nawasilisha.